Jembe la Tisa Desemba

Leo, sikukuu ya Uhuru, nimeshika jembe. Ndiyo, mimi!

Kijiji kizima cha Didia kinanijua. Tisa Desemba hata mvua imwagike vipi, jembe langu linalala ndani.

Baba yangu alichapwa viboko enzi za mkoloni kwa kutolima matuta kama alivyoamriwa. Uhuru ulipokuja akaapa, siku hii hatulimishwi na mtu. Nimekishika kiapo hicho. Wengine wote walilegea, nikabaki mimi na rafiki yangu Masanja. Kila mwaka tunakaa uani kwake, tunawatazama majirani wakipanda mahindi.

Masanja kafariki jana.

Nimefika msibani, vijana wanachimba kaburi. Nikavuta kiti.

"Babu Luhende, shika jembe!"

"Leo sishiki. Hata rais aje."

Mmoja akacheka, "Basi kaa hapo utusimamie, bwana shamba."

Jamani. Aliyemchapa baba alikuwa bwana shamba. Naye alikaa kwenye kiti.

Bado nikashupaza shingo. Ndipo mjane, Mama Kulwa, akanijia taratibu.

"Shemeji, hakuna anayekulazimisha. Ila hao vijana hawakumjua mwenzio kama wewe."

Nikavua koti, nikaingia shimoni. Nimechimba kuwashinda wote, msinibishie. Ila macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Sasa nimerudi nyumbani. Mvua inanyesha, majirani wanapanda.

Niambieni nyie mliosoma: mwakani nitakaa na nani?