Dirisha la Bi Futi

Fundi cherehani aliyebandikwa jina la Bi Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, alikuwa na sharti moja: dirisha halifunguliwi. Chumba chake kilitazamana na barabara ya vumbi, naye alishona mashati meupe ya shule. Shati likiingia doa, mzazi hulirudisha mdomo umembinuka. Basi dirisha alilitia komeo, na nyufa akazisokomeza vitambaa. Chini ya meza ya kukatia, ndani ya kapu, alilala mjukuu wake wa miezi minane, maana bintiye alishinda kiwandani.

Kikohozi kilimjia Bi Futi kama mgeni wa siku mbili, kikakaa.

"Ni vumbi la pamba," alisema. "Fundi asiyekohoa huyo hana kazi."

Fundi viatu wa mlango wa pili hakumwacha. "Dada, kikohozi chako naona kimeshahamia na godoro."

"Gonga soli zako. Mdomo wako nao unataka kushonwa, na uzi ninao."

Lakini kila alfajiri aliamka shuka limelowa jasho, akayalaumu mabati. Chakula kilimkinai, akamlaumu muuza mboga. Hadi siku alipovaa gauni alilolipunguza mwezi uliopita tu, likamning'inia kama liko msumarini. Akajipima kiuno. Akafungua daftari lake la vipimo: thelathini na nane. Futi ilisema thelathini na tatu. Akapima tena. Futi haijui kumbembeleza mtu.

Hapo kapuni mtoto akakohoa. Kidogo tu, kama paka anayepiga chafya.

Zahanati alikwenda na mjukuu mgongoni.

"Unakohoa tangu lini, mama?" muuguzi akauliza.

"Wiki mbili hivi."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akamtazama.

"Sita," alisema Bi Futi.

Akapewa kikopo, akatoa makohozi. Kesho yake akaambiwa: kifua kikuu.

"Chumba unachokaa na huyu mtoto kina madirisha mangapi?"

"Moja."

"Hufunguliwa?"

"Lina komeo. Nashona mashati meupe, na nje ni vumbi."

"Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kijiko wala sahani, mama. Ni hewa. Ukikohoa, vijidudu vinaelea, na chumba kilichofungwa kinavitunza kama sanduku. Umelifungia vumbi nje, maradhi ukayafungia ndani. Dawa utameza miezi sita, hata ukijiona mzima. Na ufunike mdomo."

Mtoto akapelekwa kupigwa picha ya kifua. Bi Futi akabaki kwenye benchi, akiizungusha futi kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi. Bintiye akafika na aproni ya kiwandani bado kiunoni.

"Mama, umemfanya nini mwanangu?"

"Nilimkinga na vumbi," alisema.

Muuguzi alirudi bila haraka, na hilo lilimtisha zaidi. Picha ilikuwa safi. Kile kilikuwa kikohozi cha mafua. "Lakini amelala chini ya pumzi yako wiki sita. Tutampa dawa ya kinga, na tutamwangalia uzito. Asipoongezeka mleteni upesi." Akamgeukia binti: "Na wewe, njoo tukupime."

Siku hiyohiyo komeo likang'olewa. Vumbi likaingia kama mwenye nyumba. Mashati yalifunikwa shuka, na mzazi aliyenuna alielekezwa kwa fundi mwingine. Mtoto akahamia kwa mke wa fundi viatu, mpaka zahanati iseme bibi yake haambukizi tena.

Mizani ya zahanati Bi Futi hakuiamini. Kila Jumamosi mtoto aliletwa barazani, kwenye upepo, naye, mdomo na pua vimezibwa kitambaa, akampima kifua na kuandika. Wiki ya kwanza, vilevile. Ya pili, vilevile; siku hiyo hakushona kitu. Ya tatu futi ilizidi robo inchi.

"Imeongezeka?" bintiye akauliza.

Bi Futi akapima tena.