Mgongo wa Baba Mkwe

Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, baba mkwe nilimjua kwa mgongo. Kwetu sisi tuliotoka upande wa Rutshuru, mke hamkodolei macho baba wa mumewe. Akija mbele yako unainamisha kichwa. Akishapita unaendelea na kazi. Wala humtaji jina, wala neno lolote linalofanana nalo. Kwa bahati yangu mbaya, ndani ya jina lake kulikuwa na neno la ng'ombe. Niliolewa Munigi, katika nyumba yenye ng'ombe wengi, na kwa Kinyarwanda, lugha yetu ya nyumbani, sikuruhusiwa kusema ng'ombe. Nilisema "wale wa maziwa". Dume nilimwita "yule asiye wa maziwa". Watu walinielewa, ila dume akivamia shamba la jirani, hayo ni maneno mengi mno ya kupigia kelele.

Kiswahili hakikuhesabiwa, ndiyo maana nikakipenda. Na Kiswahili ndicho kilichosemwa fwaye, darasa la wanawake pale misioni Goma, ambako masera mmoja, mtawa wa Kibelgiji, alitufundisha wanawake tulioolewa kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto ambao tulikuwa tukiwaogesha siku zote, na kusoma. Kusoma kulikuwa na shida ya picha. Zile kartoni za ukutani, picha juu na neno chini, zilichorwa Ulaya. Moja ilikuwa na treni. Goma haikuwa na treni, nasi tukakubaliana kwamba ni nyumba ndefu inayoungua. Nyingine ilikuwa na zabibu. Mwenzangu akasema ni ugonjwa wa ngozi. Masera alikuwa na subira, lakini siku ya zabibu alitoka nje kidogo.

Aliporudi alinipa kartoni tupu na kreyo, yaani kalamu ya risasi, maana alishanikamata nikichora kuku kwa chaki kwenye meza ya kupigia pasi. Akaniambia nichore vitu vya kwetu. Nikamjibu kwamba kwetu hakuna kitu. Sikuwa namdanganya.

Nilirudi nyumbani nikatafuta cha kuchora, nikakosa. Kisha nikaona chungu. Nilikuwa nakipikia kila siku na sikuwahi kujua kwamba kimelalia upande mmoja, kama mtu anayetega sikio. Nikakichora. Nikaona kuku aliyefungwa mguu kwa kamba, anavyosimama akijifanya hajafungwa. Nikaona mwanamke anashuka kutoka Kibati na mzigo wa kuni, kamba kwenye paji la uso, shingo imekaza, na mdomo unaendelea kusengenya. Ule mdomo ulinipa taabu sana. Wakati huo maharagwe yakaanza kuungua.

"Uko naangalia nini?" mama mkwe aliniuliza.

"Kuku, mama."

"Kuku iko na nini?"

"Iko na mguu."

Akawaambia majirani kwamba mke wa mtoto wake ameanza kuumwa kichwa. Sikuumwa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo, hata siku ya harusi, na namwomba radhi marehemu mume wangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu masera akataka picha ya neno "muzee". Muzee niliyemwona kila siku alikuwa mmoja tu, nami nikamchora nilivyomjua. Kuchora uso kungekuwa utovu wa adabu. Mgongo niliuona ni heshima tupu. Nikachora koti refu la kaki, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, mikono nyuma, mmoja umeshika kifundo cha mwenzake, na kisigino kinachochungulia nje ya kiatu. Nilijivunia ule mgongo. Nikajiuliza, nani atamtambua mtu kwa mgongo?

Munigi nzima ilimtambua. Jumapili masera alitundika kartoni zangu kwenye ukuta wa nje, watu wazione wakitoka misa. Chungu walikipita. Kuku walimcheka. Walipofika kwa muzee walisimama, na mmoja baada ya mwingine wakamtaja baba mkwe wangu kwa jina, kwa sauti, kwa furaha. Mtu mmoja wa Kibati aliivulia kofia ile picha akaiamkia. Nilitamani ardhi ipasuke, na Goma, chini ya mlima wa moto, si mahali pa kutamani jambo hilo ovyo. Masera aliona vurugu, akaishusha kartoni na kunikabidhi niende nayo.

Habari ilinitangulia nyumbani. Alasiri ile ile ukoo ukakaa uani. Baba mkwe aliketi kwenye kigoda chake, amenipa mgongo kama kawaida. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na kartoni nimeikalia. Mashtaka yalisomwa na shangazi, dada mkubwa wa baba mkwe, mwanamke aliyekuwa hacheki hata harusini.

"Alimutaja," alisema.

"Mudomo yake ilikuwa imefungwa," alijibu baba mdogo, ndugu yao wa mwisho, aliyependa kesi.

"Mukono ilisema! Batu bote kule misioni banataja jina ya ndugu yangu. Nani alibatajisha? Si huyu?"

Hata mimi niliona hoja yake ni nzuri. Alitaka fwaye nisikanyage tena, kreyo irudishwe, nami nirudi kwa baba yangu hadi atakapokuja na pombe ya ndizi kuomba msamaha. Pombe haikunitisha, baba angeileta na nusu yake angeinywa mwenyewe. Kreyo ndiyo iliyonikata maini. Niliyaona maisha yangu bila ile kreyo: maharagwe yasiyoungua, mpaka kufa. Nilimtazama mume wangu anitetee. Alikuwa anakagua kucha zake.

Ndipo baba mkwe akasema neno lake la kwanza. "Balete hiyo picha."

Niliitoa chini yangu, mume wangu akampelekea. Aliishika mbali, kisha karibu. Alikaa nayo sana, hata shangazi akaanza kuguna.

"Huyu haiko miye," alisema mwishowe.

"Ni weye! Koti njo yako."

"Koti ni yangu. Mutu haiko miye. Mugongo yangu miye siyiyonaka hata siku moya. Huyu njo papa yetu."

Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba utotoni alikuwa akipeleka ng'ombe upande wa Bunagana pamoja na baba yao, baba mbele, yeye nyuma, na njia nzima alikuwa na bega lile mbele ya macho yake. Baba yao alikufa bila kupigwa picha.

Shangazi akamnyang'anya kartoni ili ambishie vizuri. Naye alikuwa ametembea nyuma ya mgongo ule, na kibuyu cha maziwa kichwani. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, akawa anapitisha kidole gumba juu ya lile bega lililoshuka. Kreyo ikaanza kufutika. Nilitaka kumwambia aache.

Baba mdogo alikumbusha kikao kwamba jina la yule marehemu sikuwahi kuambiwa, kwa hiyo hata kama mkono unasema, nisingeweza kulitaja.

"Mugeuze," shangazi aliniambia, macho bado kwenye picha.

"Mama?"

"Mugeuze, nimuone uso. Sura yake ilishanipotea."

Nikamwambia siwezi. Nilichora nilichokiona tu, na yule mzee sikumwona. Nilisema hivyo kwa uchungu, maana tangu nianze kuchora hakuna aliyewahi kuniomba picha kwa hamu kama ile, na sikuwa nayo.

Baba mkwe akainuka. Akakigeuza kigoda chake, akakaa akinielekea, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Banasemaka tunafanana," alisema. "Inua macho, binti yangu. Angalia muzuri."

Nikainua. Alikuwa na pua fupi, na juu ya nyusi kovu dogo ambalo hakuna aliyewahi kunitajia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikaichukua kartoni kwa shangazi, nikaipindua upande mtupu, nikatoa kreyo. Nikamwambia baba mkwe wangu akae tuli, nikaanza kuchora.