Matoke ya Afande Kwenye Mvuke

Afande wa magereza wa Mbale huamuru kila kitu kama mahabusu, hata mlango wa gari huuambia, "Simama vizuri!" Katika safari ya kwaya yetu kwenda chemchemi za maji moto za Bogoria, Kenya, alitukataza kubeba chakula: angetupikia yeye, bila kuni. Dereva wetu Mkenya, Wangila, alikaidi, akabeba mkate. Afande akaweka matoke yaliyofungwa kwa majani ya mgomba juu ya tundu la mvuke, akasimama mikono nyuma. Tope lililotokota likarukia viatu vyake vinavyong'aa.

"Tulia wewe!"

"Afande, hilo halijui cheo chako," Wangila akacheka.

Majani yalipofunguliwa, harufu ya mvuke ule, kama ya mayai viza, ikatutawanya na njaa zetu. Afande akatafuna polepole, uso mkavu. "Yameiva," akatangaza. Kisha akamsogelea Wangila, na kwa sauti ndogo tusiyowahi kuisikia akasema, "Bwana, naomba mkate."