Mvua ya Mama Valarie

Mama Valarie alipofika Suneka kutoka Homa Bay na mitumba yake, alikuja akiamini kwamba mvua inaweza kushindwa. Huku kwetu Kisii mvua ina saa zake. Tunakula cha mchana, tunaona wingu limejikusanya juu ya vilima, tunafunika mali na kungoja. Yeye hapana. Aliziacha sweta zikining'inia hadi tone la kwanza, kisha akaanza mbio na turubai, akiigombeza mbingu kwa Kijaluo. Ikipungua kidogo tu anatundika zote upya, nayo inarudi. Mimi ni fundi wa miavuli, baraza langu liko ng'ambo ya barabara, na sioni haya kusema kwamba alinichekesha sana.

Siku moja, katikati ya mbio hizo, aliketi juu ya nguo zilizolowa akashika kichwa. Sikucheka tena. Kliniki walisema ni presha, wakampa vidonge, na nesi akaongeza kwamba vidonge peke yake havitatosha ikiwa atazidi kuhangaika hivyo kila siku. Binti yake, Valarie, anayefanya kazi ofisini huko Homa Bay, alikuja siku hiyohiyo akiwa amekunja uso. Alisema kama presha haitakuwa imeshuka kufikia mwisho wa Januari, kibanda kitafungwa na mama atarudi nyumbani. Nyumbani ni kukaa mbele ya televisheni. Mama Valarie alianza biashara ile alipofiwa na mumewe, na kubishana na wateja ndiyo ilikuwa raha yake. Aliniambia waziwazi kwamba kumtoa sokoni ni kumzika mapema.

Aliyemshughulikia ni Nyasani, muuza mboga ninayekaa naye barazani. Mvua iliyofuata ilipoanza, alimsaidia kufunika kibanda, akamvuta mkono, akamketisha kwenye kigoda na kumwekea mapajani rundo la chinsaga, ile mboga yetu chungu, achambue majani. Mwanzoni alikaa kama mtu anayengoja kuitwa na polisi, macho kwenye turubai. Lakini mvua ikipiga mabati ya baraza letu husikii hata simu yako ikilia. Unabaki na jani, kidole, jani. Haukupita muda mrefu akawa anaimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Baadaye akawa anasinzia kabisa, mboga mkononi, na Nyasani ananikodolea macho nisigonge nyundo. Presha ikaanza kushuka. Krismasi tulikula chinsaga kwa samaki wa kwao, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Kisha ikaja Januari, na jua lake. Wingu hakuna. Wateja walikuja tangu asubuhi, Mama Valarie akawa haketi hadi jioni, na baraza likasahaulika. Nesi alipompima alitikisa kichwa. Valarie akapiga simu kusema anakuja wiki ijayo, na anakuja na magunia ya kufungashia.

Basi yule mwanamke aliyegombana na mvua mwaka mzima akawa anasimama barabarani akiitafuta juu. Nilimtania kwamba mvua imemnunia. Aliendelea kutazama mbingu, nami nikaumia, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba ataondoka.

Kesho yake saa nane, jua likichoma vichwa, alifunika kibanda chote kwa turubai, akakaza kamba, akavuka barabara na kuketi pale pake.

“Mama Valarie, si jua ndiyo hiyo inawaka,” nilimwambia.

“Kwangu inanyesha, Ondieki. Wewe endelea na jua yako.”

Bwana mmoja aliyetaka sweta aliambiwa angoje mvua iishe. Alitazama juu, akanitazama mimi, akaona heri aketi. Soko zima lilipata la kucheka, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Lakini kabla wiki haijaisha muuza viatu naye alianza kufunika meza yake saa nane, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Valarie aliwasili saa nane ileile ya mchana. Alipoona kibanda kimefunikwa huku jua likiwaka, magunia yalimponyoka, akamwita mama yake kwa sauti ya kutaka kulia. Nikamwonyesha baraza. Mama yake alikuwa amesinzia, jani moja la mboga limemgandia kidoleni.

Valarie alikuwa amekuja na mashine ya kupimia presha. Alimvisha mama yake mkanda wake mkononi, Nyasani akaacha kuchambua, hata mimi nikaweka sindano chini. Alisoma, akapima tena, akasoma. Ilikuwa imeshuka vizuri. Hakuamini. Alisema labda mashine imeharibika, heri aijaribu kwa mtu asiye na shida yoyote, na macho yake yakaniangukia mimi. Nilimpa mkono kwa majivuno.

Safari hii alisoma kwa muda mrefu.

“Baba, wewe hupumzika saa ngapi?” aliniuliza.

Mama Valarie alicheka hadi kigoda kikamlilia. Saa tisa ilipofika alisimama, akanyoosha kiganja nje ya baraza kana kwamba anapima matone, akatangaza kwamba imeisha. Nilimtazama Valarie nione kama atayaokota magunia. Aliyapita, akavuka barabara na mama yake, wakalifungua turubai pamoja, akaanza kutundika sweta moja baada ya nyingine. Nilifurahi nikashindwa hata kumtania mtu.

Magunia yale aliniachia. Nesi amenipa vidonge vyangu, Nyasani amenipa rundo langu la chinsaga, na saa nane ikifika huyakalia magunia hayo, mvua inyeshe isinyeshe.