Dakika Kumi za Kornelia

Mwaka Mbulu ilipohamishiwa mkoa mpya wa Manyara, fundi alikuja Tlawi na kopo la rangi akafuta neno Arusha kwenye kibao cha ofisi ya kata. Wiki hiyohiyo, ndani ya ofisi hiyo, akina mama walifanyiwa semina. Mwezeshaji, dada wa mjini ambaye viatu vyake havijawahi kukutana na matope yetu, aligawa madaftari na kuwaambia kwamba mtu mwenye mizigo moyoni aandike kila siku, atapata nafuu. Achague tu muda wa utulivu.

Ningependa kumwona dada yule akiutafuta muda huo nyumbani kwa Kornelia. Kabla ya jua alikuwa amekamua ng'ombe wawili. Kisha alishuka korongoni kuchota maji, akapanda nayo, akashuka tena. Kulikuwa na shamba, majani ya mifugo, kuni, kidonda cha mguu cha baba mkwe wake Mzee Akonaay kilichotaka kusafishwa kila siku, na Sara, mtoto wake wa pekee, mwenye miaka mitatu na maswali mia. Mumewe Xavery alikuwa na mwaka wa pili Mererani, akichimba tanzanite ambayo mpaka wakati huo alikuwa ameiona kwenye viganja vya wengine tu.

Lakini Kornelia aliupata muda. Aliupata kwenye makande. Chungu kikishachemka na moto ukishapunguzwa, mahindi na maharage hubaki yakiiva yenyewe, na mpishi hana la kufanya ila kukaa karibu yasije yakaungua. Hapo alikuwa na dakika kumi, siku nyingine kumi na mbili. Aliifunga kalamu kwa uzi kwenye msumari wa mlango ili asiitafute, akavuta kigoda, akaandika. Hakuandika mizigo. Alimwandikia Xavery mambo ya siku, ndama amezaliwa, Sara amejifunza kusema shikamoo na sasa anawaamkia hata kuku, ili mume akirudi asiwe mgeni kwake mwenyewe.

Julai, kwenye baridi kali, Sara alishikwa na kifua. Siku ya nne alifariki.

Zamani, nyumba iliyofiwa na mtoto iliachwa peke yake miezi mingi. Majirani hawakuingia, na wenyeji hawakutoka kwenda kwa watu, msiba usije ukaambukizwa kama ugonjwa. Wengi walishaacha, na padri alikuwa amehubiri dhidi yake mpaka sauti ikakauka. Mzee Akonaay hakuwa ameacha. Alisema hakuna kuingia wala kutoka, na barua pia haitoki. "Mtu aliye chini ya mwamba hapelekewi kifo," alisema.

Kornelia alitii. Alikuwa amelelewa kutii, na alimpenda yule mzee. Tena, niseme ukweli, alimwogopea Xavery pia. Alimwona akilini yuko ndani ya shimo, barua ya msiba mfukoni. Basi akaiandika siku ya Sara kwenye daftari, ukurasa mzima, huku makande yakichemka, akajiahidi kwamba atamsomea mwenyewe, uso kwa uso, akimshika mkono. Miezi ile hakuwa na mtu wa kuongea naye. Jirani yake Doris alikuwa akimwachia mboga kwenye jiwe la mpakani na kuondoka. Kilichobaki kumsikiliza ni daftari.

Xavery aliambiwa na mtu wa kwetu Mbulu, wa Masieda, waliyekutana mgodini, miezi minane baadaye. Xavery alituma barua yenye mistari miwili. Nimesikia. Mbona hukuniambia? Kornelia alijibu kwamba kila kitu amekiandika, akirudi atamsomea.

Alirudi mwaka wa nne, amebeba begi jepesi na kikohozi kizito. Vumbi la mgodi lilikuwa limekaa kifuani na halikuwa na mpango wa kutoka. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya kondoo kifuani kwa vidole vyake, akakaa nje juu ya gunia kuota jua. Madaftari yalikuwa yamefika matatu. Jioni ile ya kwanza aliuliza jambo moja tu.

"Mama Sara, nisomee siku ya mtoto."

Bado alimwita Mama Sara. Kornelia akasema waanze mwanzo, wapite siku zote kwa mpangilio, wataifikia. Alikuwa anaogopa, ndilo lilikuwa jambo lenyewe, lakini alijiambia kwamba ni vizuri zaidi hivyo.

Jumapili mbili walisoma. Xavery alicheka aliposikia habari za kuku walioamkiwa, akacheka mpaka akakohoa. Jumapili ya tatu ng'ombe alikuwa anazaa. Ya nne maharage yalikuwa yamekauka shambani na mawingu yamekaa mlimani, na kila mwenye mikono alikuwa anang'oa. Kornelia alisema tukimaliza maharage. Xavery akasema sawa.

Na dakika zake kumi alikuwa nazo bado. Alikuwa amezizoea mno. Chungu kikichemka alivuta kigoda, akachukua kalamu kwenye uzi, akaandika kwamba leo baba Sara amekohoa sana, leo amekunywa maziwa kidogo. Yeye alikuwa ndani na mumewe yuko nje ya ukuta, hatua tano. Siku moja Xavery aliita kutoka kwenye gunia, akauliza anaandika nini.

"Mambo ya leo tu," akajibu.

"Leo mimi nipo hapa."

Kornelia alidhani ni utani. Alicheka, akamalizia sentensi.

Xavery alifariki Alhamisi, saa tano asubuhi, mkewe akiwa kwenye maharage. Safari hii nyumba haikuachwa peke yake. Watu walijaa, walipika, waliimba, na Doris alilala pale wiki nzima. Mzee Akonaay aliwaona wakiingia na kutoka, hakuwazuia.

Watu walipotawanyika, Kornelia alilikuta daftari la kwanza chini ya mto wa Xavery. Xavery aliishia darasa la nne, alisoma polepole kwa kupitisha kidole chini ya kila mstari. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameacha alama. Ukurasa kwa ukurasa, mstari kwa mstari, kila siku aliyokuwa amemwandikia ilikuwa na ule mfereji wa mafuta chini yake, mpaka Julai, mpaka siku ya tatu ya kifua. Hapo alama ziliisha. Ukurasa uliofuata, wa Sara, ulikuwa safi. Xavery alikuwa amefika mlangoni mwa ukurasa huo akakaa, akimngoja mkewe.

"Nilikuwa na dakika kumi kila siku," Kornelia alimwambia Doris. "Zote nikaliachia daftari."

Mzee Akonaay, aliyekuwa amelala kwenye benchi na mguu wake, aligeukia ukutani. Kisha akasema barua ile ingefaa kuachwa itoke.

Siku iliyofuata Kornelia alibandika makande kama kawaida. Yalipochemka alipunguza moto, akavuta kigoda, mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu. Akauacha uzi ukining'inia. Akatoka na kigoda, akakiweka karibu na gunia ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa, akafungua daftari na kusoma kwa sauti, kidole chake chini ya mstari.

"Sara amefariki leo saa nne asubuhi. Jana aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia yuko chini shimoni anafanya kazi. Akasema, mwambie apande juu, kuna jua."

Aliusoma mpaka mwisho, akarudia tangu mwanzo, kisha akarudia tena. Ndani makande yaliungua, na siku hiyo hakuna aliyekula.