Mama mkwe amezika dawa ya jicho langu

Admin, naomba jina langu libaki kwako tu. Nina miaka thelathini na mbili, ni fundi wa nguo, naishi Mutuini na mume wangu, mtoto wetu na mama mkwe.

Msimu wa mvua nilikuwa napalilia mahindi, jani likanichapa jicho la kulia. Nikaosha na maji nikaendelea na kazi. Kumbe limeacha kidonda kwenye kioo cha jicho. Kikaingia vijidudu, nikatibiwa mpaka vikaisha, lakini kidonda kimekataa kufunga. Mwangaza unanichoma kama pilipili. Kutia uzi kwa sindano siwezi tena.

Daktari mmoja Westlands akanieleza kuna matone yanayotengenezwa kutoka kwa ule utando laini unaomzunguka mtoto tumboni. Akina mama wakishajifungua wanakubali kuutoa, unapimwa, unasafishwa.

"Siwezi kukuahidi utapona," alisema, "lakini tukichelewa hicho kioo kitatoboka."

Nikaanza. Baada ya siku chache maumivu yalipungua, nikalala vizuri.

Mama mkwe akaniuliza ile chupa kwa friji ni ya nini. Sikuona haja ya kumdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Jumapili nikitoka kanisani, chupa hakuna. Nilimkuta kwa migomba, mikono imejaa udongo.

"Nimeizika," aliniambia. "Hicho ni kitu cha mtoto wa mtu. Kwetu kinarudi kwa udongo. Nilizika vya watoto wangu wote, na wawili kati yao wakafuata hukohuko udongoni."

Alikuwa analia.

Nikadhani mume wangu atanitetea. Akasema, "Wachana na mama. Ukileta hiyo kitu tena hapa, tumemalizana. Si uko na jicho lingine?"

Hilo neno halijanitoka.

Jana daktari alinipima, kioo kimekuwa chembamba. Ameniwekea chupa nyingine, anataka nianze mara moja. Dada yangu wa Kileleshwa amesema nikae kwake mpaka nipone. Mume wangu anasema niende, lakini mtoto hatoki. Ako nasari, hajawahi kulala bila mimi.

Naandika nikiwa nimefunika jicho na leso. Tafadhali msimtukane mama mkwe, amenilea kama binti yake. Niambieni tu: niende kwa dada nimwache mtoto, ama nibaki nikingoja jicho litoboke? Nishaurini, nifanye nini?