Mkalimani Aliyefupisha

Baada ya shahada ya uzamili niliajiriwa na mradi mmoja kukusanya simulizi za wajane ambao waume zao walifukiwa na vifusi katika machimbo madogo ya Geita. Wajane wenyewe niliwafuata Kishapu, vijijini kwao. Kisukuma sikijui, hivyo nilifanya kazi na mkalimani, mama wa makamo aliyekuwa mhudumu wa afya wa kijiji.

Siku ya kwanza nililia mbele ya mjane. Kuanzia hapo nikajizoesha kutazama namba za kinasa sauti badala ya nyuso. Ndivyo nilivyoweza kukaa kwenye kigoda hadi mwisho. Lakini namba zilinionyesha jambo jingine. Mjane mmoja alizungumza dakika nne na nusu, na mkalimani akanigeukia.

“Anasema alipata taarifa, akaenda kumzika.”

Niliandika sentensi hiyo, kisha nikaikagua usiku kucha. Je, alikuwa akimkinga mwenye shimo alimofia mume? Je, alimwelekeza mjane la kusema? Nilirudia mahojiano ya awali na kupima kila jibu. Kila palipokuwa na kilio, tafsiri ilikuwa fupi.

Nilikuwa nimepanga chumba Shinyanga mjini kwa mama mmoja Msukuma. Jumamosi nilimwomba asikilize rekodi ya mjane yule. Alisikiliza akichambua mchicha, kisha mikono yake ikasimama.

“Huyu mjane anaeleza alivyomtambua mumewe kwa kiraka cha suruali. Alikishona mwenyewe. Halafu huyo mwenzako anamwambia: ishia hapo, mama, huyu mgeni hawezi. Juzi alilia, tukamwacha mfiwa, tukambembeleza yeye.”

Akaendelea na mchicha.

Jumatatu nilimkuta mkalimani uani kwake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona macho mekundu? Umeshalia kabla hatujaenda?”

Nilimweleza nilichofanya. Akacheka kidogo, bila furaha.

“Kumbe nilikuwa natembea na mpelelezi. Msomi mzima. Si ungeniuliza?”

“Niliogopa ungenificha.”

“Ningekuficha, ndiyo. Na yule mjane, ulimwambia sauti yake itasikilizwa na nani?”

Nilikuwa nimemwambia: mimi na mkalimani, basi. Nilikuwa nimelisoma hilo kutoka kwenye fomu, polepole, naye akaweka dole gumba. Katika kumshuku mwenzangu nilikuwa nimepima kila mtu kwa sekunde, isipokuwa mimi.

“Twende ukamwambie,” alisema mkalimani. “Mimi nitatafsiri tu. Maneno ni yako.”

Tulimkuta mjane akipukuchua mahindi. Nilikiri kwa sentensi tatu. Mkalimani alizigeuza, na kwa mara ya kwanza kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, hivyo sikuwa na pa kutazama ila uso wa mjane. Haukuwa na hasira niliyoitarajia. Alizungumza kwa muda mrefu, punje zikiendelea kudondoka kwenye ungo. Mara moja alininyooshea kidole, mara moja sauti yake ikakatika.

Mkalimani alinigeukia.

“Anasema ufute.”

Mjane alikuwa amesema mengi kuliko hayo. Nilijua, na mkalimani alijua kwamba najua. Swali lilinifika mdomoni. Nililimeza, nikatoa kifaa, nikaketi karibu nao ili wote wawili waone kidole changu kikibonyeza.